Kemikali za Ubongo na Vifo vya Kujiua: Sayansi Inatufundisha Nini?

Na Mwandishi Wetu

KILA ifikapo tarehe 10 Septemba, dunia huadhimisha Siku ya Kuzuia Kujiua. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), zaidi ya watu 720,000 hufariki dunia kila mwaka kwa kujiua, na takribani robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa vijana wenye umri wa miaka 15 hadi 29, kujiua kunashika nafasi ya tatu miongoni mwa vyanzo vya vifo duniani.

Nyuma ya kila takwimu kuna msiba, na katika misiba ya namna hii waombolezaji huulizana kwa sauti ya chini: alikuwa na nini? Wapo wasemao alirogwa, wapo wasemao alipungukiwa imani, na wapo wasemao aliogopa maisha. Ni nadra kumsikia mtu akisema kwamba marehemu alikuwa mgonjwa. Makala haya yanaangalia yale ambayo sayansi ya ubongo imeyabaini, mipaka yake, na maana yake kwa familia za Kitanzania.

Ubongo wa binadamu una seli za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86. Seli hizo hupashana habari kwa kutumia kemikali maalumu, mojawapo ikiwa ni serotonini, ambayo inahusika na hali ya moyo, usingizi, hamu ya kula na uwezo wa mtu kujizuia anapopatwa na msukumo wa ghafla.

Mwaka 1976, watafiti wa mjini Stockholm, Sweden, wakiongozwa na daktari bingwa wa magonjwa ya akili, Marie Åsberg, walichapisha matokeo yaliyofungua ukurasa mpya. Walipima majimaji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa sonona, wakabaini kwamba wale waliokuwa na kiwango kidogo cha masalia ya serotonini walijaribu kujiua mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Tafiti zilizofuata, zikiwemo za John Mann na Victoria Arango wa jijini New York, Marekani, zilionesha mabadiliko katika mfumo wa serotonini kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, yaani sehemu inayotusaidia kupima jambo kabla ya kulitenda.

Serotonini haifanyi kazi peke yake. Mtu anapokabiliwa na hofu au dhiki, mwili humwaga homoni ya kotisoli ili kumwandaa kukabiliana na hatari, na hatari ikipita, ubongo huamuru homoni hiyo ipungue. Kwa baadhi ya watu, breki hiyo hulegea na mwili hubaki katika tahadhari usiku na mchana.

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, Kanada, walichunguza ubongo wa watu waliofariki kwa kujiua. Kwa wale waliofanyiwa ukatili utotoni, walikuta jeni inayosaidia kudhibiti kotisoli imewekewa alama za kikemikali zinazopunguza utendaji wake. Alama hizo hazikuonekana kwa kiwango hicho kwa waliojiua lakini hawakupitia ukatili utotoni. Kwa lugha nyepesi, kipigo na udhalilishaji anaotendewa mtoto vinaweza kuacha alama ndani ya ubongo wake, zikadumu hadi utu uzima. Kwa hiyo, kumlinda mtoto leo ni sehemu ya kuzuia kifo cha mtu mzima wa kesho.

Hata hivyo, ni vyema kutahadhari na majibu mepesi. Mwaka 2022, mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na Joanna Moncrieff wa jijini London, Uingereza, yalihitimisha kwamba hakuna ushahidi thabiti kuwa sonona husababishwa na upungufu wa serotonini. Aidha, hakuna kipimo cha damu kinachoweza kumwambia daktari kwamba mtu fulani atajiua. Kemikali za ubongo ni uzi mmoja katika mkeka wenye nyuzi nyingi: madeni, ugomvi wa ndoa, ulevi, maumivu ya muda mrefu, upweke na kufiwa. Uzi huo haupaswi kupuuzwa, lakini pia haupaswi kuchukuliwa kuwa ndio mkeka wote.

Uelewa huu una manufaa ya moja kwa moja katika tiba. Dawa za sonona huwasaidia wagonjwa wengi, ingawa kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana. Wiki hizo za mwanzo zinahitaji uangalizi wa karibu wa ndugu na daktari, hasa kwa vijana. Mgonjwa hapaswi kuacha dawa ghafla bila ushauri wa daktari. Sambamba na dawa, ushauri wa kisaikolojia umethibitika kuwa na msaada mkubwa.

Jamii yetu imewahi kupita njia kama hii. Kwa miaka mingi, mtoto aliyeshikwa na degedege alidhaniwa kuwa amevamiwa na shetani, na wapo waliopoteza maisha wakiwa kwa mganga. Elimu ilipoenea kwamba malaria kali inaweza kuleta hali hiyo, wazazi wengi walianza kuwahi hospitali. Ugonjwa ulikuwa ni ule ule. Kilichobadilika ni jina tuliloupa na mahali tulipoupeleka.

Upande wa sheria, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinatamka kuwa kujaribu kujiua ni kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo kinakinzana na Katiba ya nchi hiyo, na Ghana ilifuta kosa hilo mwaka 2023. WHO nayo inashauri nchi kuliondoa, kwa hoja kwamba hofu ya kushtakiwa huwafanya watu wafiche tatizo badala ya kutafuta tiba. Kwa Tanzania, mabadiliko ya sheria ni mamlaka ya Bunge, na mjadala wake unastahili kuongozwa na ushahidi. Lakini familia haina sababu ya kusubiri mjadala huo uishe ndipo impeleke mgonjwa wake hospitali.

Wananchi wanahimizwa kuzitambua dalili mapema: mtu kujitenga, kukosa usingizi, kusema kuwa amekuwa mzigo, kugawa vitu vyake bila sababu au kuaga kwa namna isiyo ya kawaida. Wataalamu wanasisitiza kwamba kumuuliza mtu waziwazi iwapo anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kuutua mzigo. Msikilize bila kumhukumu, usimwache peke yake, viondoe vitu hatarishi karibu naye na umfikishe katika kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu. Kwa watoto, huduma ya simu ya 116 hupatikana bila malipo.

Mawazo ya kujiua huja kama wimbi: hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka. Wengi waliosaidiwa kuvuka saa hizo ngumu wameendelea kuishi, kufanya kazi na kulea watoto wao. Jirani anayebisha hodi na kukaa hadi wimbi lipungue hahitaji shahada ya udaktari ili kuokoa maisha. Na msiba unapotokea licha ya juhudi zote, tumzike marehemu kwa heshima ile ile tunayompa aliyefariki kwa moyo au kisukari, na tuwafariji wafiwa badala ya kuwahoji.