Torpedo Haina Dhamiri

Mwaka 1982, katika vita vya Visiwa vya Falkland, meli za kivita za Uingereza ziliisaka nyambizi ya Argentina iitwayo San Luis. Zilirusha torpedo na mabomu mengi baharini. San Luis haikuguswa. Masimulizi ya mabaharia yanaeleza kwamba walioangamia ni nyangumi, maana mwangwi wao ulidhaniwa kuwa wa nyambizi.

Frigeti nyingi hubeba torpedo nyepesi za kuwinda nyambizi. Ile ya Kimarekani, Mk 46, ina uzito wa kilo 230 hivi. Husukumwa nje kwa hewa iliyoshindiliwa. Ikifika majini huzunguka, hutoa mlio, husikiliza mwangwi na kuufuata. Haina waya unaoiunganisha na meli, hivyo aliyeirusha hawezi kuirudisha.

Basi, ndugu msomaji, dhamiri ina nafasi moja tu: kabla ya kurusha. Torpedo husikia, lakini haijui inachosikia. Kujua ni kazi ya mtu. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaihesabu tahadhari kuwa sehemu ya fadhila ya busara, kwa sababu katika matendo yetu uovu huweza kujificha ndani ya kinachoonekana chema.

Wapo watakaopinga: vitani hakuna muda wa falsafa. Hoja hiyo ina uzito. San Luis ilikuwepo kweli, nayo ilizirushia torpedo frigeti za Uingereza. Nahodha anayengoja uhakika kamili anaweza kuwazika vijana wake. Katekisimu, namba 2309, inakubali kujilinda kwa silaha, ila kwa masharti makali. Nahodha yule aweza kukosea, lakini alipima, na atatoa hesabu mbele ya Mungu na wanadamu.

Hofu yangu ni pale asipokuwepo wa kutoa hesabu. Mwaka 2016 Marekani ilizindua Sea Hunter, chombo kisicho na baharia, kilichobuniwa kufuatilia nyambizi. Hakikuwa na silaha. Kukipa silaha ni hatua fupi. Baba Mtakatifu Fransisko aliwaambia viongozi wa G7, Juni 14, 2024, kwamba mashine isiachiwe kamwe kuchagua kuutoa uhai wa mwanadamu.

Nyambizi si mwangwi tu. Ndani yake wamo watoto wa watu. Anayeamua juu ya uhai wao sharti awe mtu anayeweza kukosa usingizi usiku ule, na kesho yake akapiga magoti kutubu.