Kibali cha Maji Hakigawanywi Kwenye Kikao cha Ukoo

Mwezi huu nimepigiwa simu tatu zinazofanana, nikaona bora niandike mara moja niwajibu wote. Swali lenyewe ni hili: mzee amefariki, ameacha kisima kirefu, pampu ya sola na tenki. Ukoo umekaa, muhtasari umeandikwa, kisima amepewa fulani. Sasa watu wa bonde wanataka nini tena?

Wanataka kujua nani sasa anavuta hayo maji, kiasi gani na kwa kazi gani. Na mimi naona wako sahihi. Najua hapo wengine mmeshakunja uso, maana "serikali inaingiaje kwenye kisima cha baba yangu". Nisikilizeni kwanza.

Tuanze na kile mlichorithi. Pampu ni yenu. Mabomba, paneli, tenki, hata lile shimo lililochimbwa kwa hela ya mzee, vyote vinaingia kwenye mirathi. Maji yenyewe hayamo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inasema maji yote nchini ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Alichokuwa nacho mzee ni kibali cha kutumia maji, ambacho kina jina lake, chanzo, kiasi, shughuli na masharti. Ya kunywa, kupikia na kuoga nyumbani hakuna anayekudai kibali. Ukishaanza kumwagilia ekari za nyanya za kupeleka sokoni, hayo ni matumizi mengine.

Wazee hawana kosa kuchanganya. Chini ya sheria ya zamani, Na. 42 ya mwaka 1974, ile karatasi ilikuwa inaitwa haki ya maji. Mtu akisikia "haki" anaikunja anaiweka sanduku moja na hati ya shamba, anajua ni yake na ya wanawe. Nimeona karatasi za namna hiyo zimehifadhiwa vizuri kabisa, kwenye bahasha ya nailoni, na hakuna aliyejua kwamba neno lilishabadilika na jina la mwenye kibali linabadilishwa na Bodi ya Maji ya Bonde, siyo na kikao cha ukoo.

Wenzetu wa Kilimanjaro mtaniambia mbona mifongo imerithiwa tangu enzi za mababu bila Bodi. Ni kweli, mifongo ilikuwepo hata kabla ya Wajerumani. Babu aliyeufungua mfongo, ukoo wake ndio ulioushika, na mkuu wa mfongo alitoka humo. Lakini angalieni ulivyokuwa unaendeshwa. Kulikuwa na siku ya kusafisha mfongo, usipofika na jembe lako zamu yako ya maji inaleta maneno. Jirani asiye wa ukoo alikuwa anaomba, anapewa zamu, anachangia kazi. Ukivuta nje ya zamu yako unaitwa kwa wazee. Kwa hiyo hata huko mila haikumpa mtoto maji kama anavyopewa jembe la baba. Alipewa pamoja na wajibu, na watu waliokuwa wanamtazama. Kazi hiyo ya kutazama leo iko kwa Bodi na jumuiya za watumia maji. Tofauti ni kwamba sasa mnajaza fomu.

Na kuna mahali mila ilikuwa na shida, tusifichane. Maji yalipita kutoka kwa mwanaume kwenda kwa mwanaume. Kuna familia moja ninayoihudumia, sitaitaja. Baba alipofariki, ukoo uliandika kisima kiende kwa kaka mkubwa ambaye yuko Dar es Salaam mwaka wa kumi na kitu huu. Anayelima ni dada yake. Yeye ndiye aliyeweka umwagiliaji wa matone kwenye ekari mbili za pilipili hoho, ndiye anayejua pampu inaanza kukohoa saa ngapi, ndiye mwenye mnunuzi. Siku alipokwenda kuomba mkopo wa kuongeza ekari ya tatu, benki ikamwomba kibali cha maji. Kibali kina jina la marehemu, ada ya mwaka haijalipwa tangu mzee aanze kuugua, na muhtasari wa ukoo una jina la mtu ambaye hajashika bomba. Mkopo ukasimama. Miche ilikuwa tayari kitaluni, mnajua miche haisubiri benki.

Huyu dada alinishangaza. Aliniambia anaifurahia hiyo Bodi kuliko kikao cha ukoo, kwa sababu Bodi ndiyo mahali pekee palipomuuliza "nani anatumia haya maji?" Ukoo haukuuliza. Maombi ya kibali yanatangazwa, na mwenye pingamizi anapewa nafasi ya kusema. Hiyo nafasi wengi wenu mnaiona ni usumbufu. Kwa binti aliyelima miaka sita kwenye shamba la baba, ndiyo kinga yake.

Kuna na watu wa chini ya mto. Bonde la Pangani maji yanayoanzia mlimani yanamwagilia Hai, Arumeru, Moshi, kisha yanatakiwa yafike Nyumba ya Mungu (megawati 8), Hale (megawati 21) na Pangani Mpya (megawati 68). Kila mrithi akigawa kisima cha baba kuwa visima vitatu, kila mmoja na pampu yake, karatasi bado inasoma kiasi kile kile cha mzee lakini ardhini kinatoka mara tatu. Nani ataona kama hakuna anayekagua pale mwenye kibali anapobadilika? Wewe mwenyewe utaona, siku kisima chako kitakapoanza kutoa upepo kwa sababu ya jirani aliyerithi kama ulivyorithi.

Sasa wale ambao mzee alikuwa anauza maji kwa majirani, kaeni vizuri, yenu ni nzito zaidi. Kisima kikishaweka bomba kwa kaya arobaini na kila mwisho wa mwezi kuna daftari la malipo, hicho siyo kisima cha shamba tena. Mmekuwa watoa huduma ya maji, iko Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, na wenye meza ni RUWASA kwa vijijini na EWURA kwa mijini. Msidhani ni ukiritimba wa Tanzania tu. Kule jimbo la California, Marekani, zipo kampuni za maji ambazo ni za familia kabisa, baba anajenga mtandao, anahudumia mtaa, anazeeka. Sheria ya jimbo lao, kifungu cha 854 cha sheria za huduma za umma, inasema hakuna mtu anayechukua udhibiti wa kampuni kama hiyo kabla Tume ya Huduma za Umma haijaidhinisha, na akichukua bila idhini kitendo hicho ni batili. Hisa ni za familia, wateja siyo wa familia. Mama mwenye bomba uani hana pa kukimbilia kama mtoto wa mwenye kampuni ni mlevi au anataka kupandisha bei mara mbili. Kwa hiyo kuna mtu anauliza kwa niaba yake kabla funguo hazijabadilisha mkono. Mimi sioni ubaya hapo.

Ubaya ninaouona uko kwenye umbali. Nchi ina mabonde tisa na makao makuu yao yako mijini: Pangani wako Moshi, Rufiji wako Iringa, Wami/Ruvu wako Morogoro, Bonde la Kati wako Singida. Kijana mwenye ekari moja na nusu ya vitunguu akiambiwa arudi na karatasi moja iliyosahaulika, nauli na siku mbili zimekwenda, mara ya tatu anaacha, anaendelea kuvuta maji kwa jina la marehemu. Ndiyo maana visima vya marehemu ni vingi. Bodi zikija hata mara mbili kwa mwaka kwenye ofisi ya kata, zikakaa na sisi maafisa ugani pamoja na jumuiya ya watumia maji, majina yatabadilishwa mengi kuliko kwa tangazo lolote. Hili nimelisema kwenye vikao na nitaendelea kulisema.

Kwa sasa, kama mzee bado yupo, mchukueni mwende naye bondeni akiwa na nguvu zake. Maelezo ya mwenye kibali aliye hai ni mepesi kuliko ya msimamizi wa mirathi mwenye rundo la nakala. Familia zinazolima kibiashara ningependa kabisa zifikirie kampuni: mnasajili BRELA, mnaiombea Bodi kibali kwa jina la kampuni, baba na watoto wanakuwa na hisa. Mtu anakufa, kampuni haifi. Ila msijidanganye kwamba kwa hisa mmeshamkwepa msimamizi wa maji, mkibadilisha kiasi, chanzo au shughuli mnarudi kwake tu, na kama mnauzia kaya maji mnauliza kwanza.

Kama mzee ameshatangulia, kikao cha ukoo ni mwanzo tu. Chukueni cheti cha kifo, nendeni Mahakama ya Mwanzo ateuliwe msimamizi wa mirathi. Akishateuliwa ana miezi minne kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni, ile Fomu Na. V. Ada ya bonde ambayo mzee hakulipa ni deni lake, iandikeni humo humo, msiiache ikamwangukia anayelima peke yake. Halafu barua ya usimamizi, nakala ya kibali cha zamani na risiti za ada mnaziweka bahasha moja, mnapeleka bonde. Na kabla hamjaandika jina jipya kwenye maombi, muulizane mbele ya akina dada pia: kesho asubuhi pampu ikigoma, nani atakuwa pale kisimani?