NYUMBA NA MALEZI: Usiku Tu, au Usiku Viwili?

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, kwani jeraha la kidole hupona, bali neno likishatoka halirudi. Hawakuiona siku ambayo kidole kingeshika kazi ya ulimi. Siku hizi kidole gumba ndicho kinachotuma salamu, kinachoomba fedha na kinachotangaza msiba. Kikijikwaa, waumiao ni watu wa nyumba nzima.

Na ufikiriwe mfano wa nyumba moja ya askari katika Hai Malakal, mtaa wa mjini Juba. Baba yuko kazini mbali, mama amekwenda sokoni, na nyumbani amebaki bibi pamoja na wajukuu. Mdogo wao ana homa. Kaka mkubwa, kijana wa miaka 17, ametumwa kwenye duka la dawa. Amekwisha kumpa jirani vidonge avitangulize nyumbani, naye akaendelea na shughuli zake mjini. Baadaye akakumbuka kwamba hakueleza namna ya kuvitumia. Akatuma ujumbe kwa simu: “dawa mpe ucku 2”.

Dada yake, aliyejifunza Kiswahili ukimbizini Uganda, akausoma: “Dawa mpe usiku tu.” Mtoto wa jirani, aliyekulia Kakuma nchini Kenya, akasema sivyo: “Ni usiku viwili, yaani vidonge viwili.” Mtu wa tatu akadhani kwamba dawa itolewe kwa muda wa siku mbili. Simu ya nyumbani haikuwa na salio la kumpigia kijana aulizwe. Bibi, ambaye hajui kusoma hata herufi moja, akawasikiliza wote watatu, kisha akakata shauri.

“Wajukuu zangu, ikiwa barua moja ina maneno matatu, basi haina neno hata moja. Dawa isiguswe mpaka aje aseme kwa kinywa chake.”

Kijana aliporudi jioni akaeleza kwamba mwuza dawa alisema kidonge kimoja, usiku tu. Mtoto alipewa kidonge chake na akalala salama. Lakini ni wazi kwamba aliyeiokoa nyumba ile ni yule asiyejua kusoma, na waliojua kusoma ndio waliokuwa karibu kuipoteza.

UFUPISHO ULIVYOANZA

Kufupisha maneno si uvumbuzi wa vijana wa leo. Zamani za simu za maandishi, mtumaji alilipa kwa hesabu ya maneno, naye akayapunguza kadiri alivyoweza. Jeshini na polisi vifupisho vimejaa katika taarifa, amri na vyeo.

Ujumbe mfupi wa simu ya mkononi nao ulizaliwa na kipimo chake. Mwaka 1985 Mjerumani Friedhelm Hillebrand alipendekeza herufi 160 kuwa ukomo wa ujumbe mmoja, baada ya kuona kwamba sentensi nyingi za kawaida hazivuki hapo. Tarehe 3 Desemba 1992 ujumbe wa kwanza wa namna hiyo ulitumwa Uingereza, ukiwa ni salamu za Krismasi. Katika simu za vitufe, kitufe kimoja kilibeba herufi tatu au nne. Aliyetaka herufi “s” alikibonyeza kile cha saba mara nne. Ada ikalipwa kwa kila ujumbe. Hivyo kijana aliyefupisha maneno aliokoa fedha, muda na kidole.

Leo simu nyingi hutuma ujumbe kwa njia ya intaneti, na ukomo ule wa herufi 160 haupo tena humo. Sababu imeondoka, lakini mazoea yamebaki. Tena mazoea yamekuwa pambo: kijana anayeandika “xaxa” badala ya “sasa” hakuokoa herufi hata moja. Ameazima herufi isiyokuwamo katika alfabeti ya Kiswahili ili aonekane mtu wa kisasa.

IRABU NI ROHO YA NENO

Kiingereza kikinyang'anywa irabu huchechemea, lakini mara nyingi hutambulika. Katika Kiarabu, ambacho watu wengi wa Juba wanakijua, irabu fupi kwa kawaida haziandikwi. Maneno yake mengi yamejengwa juu ya mizizi ya konsonanti, na msomaji aliyezoea huzijaza mwenyewe. Kiswahili hakikujengwa hivyo. Karibu kila silabi yake huishia kwa irabu, na irabu hiyo ndiyo inayolitenga neno hili na lile. Ndiyo maana waandishi wa zamani wa pwani, walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, walikuwa wakitia alama za irabu.

Mzazi anayetaka kulithibitisha jambo hili na aandike herufi mbili tu, “kt”, kisha awaulize watoto wake ni neno gani. Mmoja atasema kiti, mwingine kitu, mwingine kata, kati, keti, kuta, kito, kutu. Maneno manane yamejificha nyuma ya herufi mbili, na kila moja lina maana yake.

Hatari huzidi katika viambishi, kwa kuwa katika Kiswahili herufi moja mwanzoni mwa kitenzi huamua nani ametenda na kama ametenda. Askari polisi anayeandika maelezo ya shahidi analijua hilo vizuri. “Akanipiga” ni mashtaka; “hakunipiga” ni kumwondolea mtu lawama. Kijana aliyezoea kuimeza “h” na kudondosha irabu huandika “aknpiga” kwa yote mawili. Karatasi ya namna hiyo ikifika mbele ya hakimu, mwenye hatia anaweza kwenda nyumbani, na asiye na hatia akalala ndani.

MJI WA HATI NYINGI

Mkanganyiko huu unaonekana kwa upesi zaidi katika Hai Malakal kuliko katika miji mingi ya Afrika Mashariki, kwa sababu Juba ni njia panda ya lugha. Katiba ya mpito ya mwaka 2011 imefanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, na lugha zote za wenyeji zikaitwa lugha za taifa. Watu husemezana sokoni kwa Kiarabu cha Juba, ambacho vijana hukiandika kwa herufi za Kilatini. Kiswahili kimekuja na madereva wa malori wapitiao Nimule, na wafanya biashara, na zaidi ya wote na familia zilizorudi kutoka ukimbizini Kenya na Uganda. Sudan Kusini ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, haja ya kukijua ikaongezeka.

Basi itazamwe tarakimu 2 katika simu moja ya Juba. Kwa aandikaye Kiarabu kwa herufi za Kilatini, huenda ikasimama badala ya hamza. Kwa aandikaye Kiingereza, ni neno la kuelekeza mahali. Kwa kijana wa Kiswahili, ni silabi “tu”. Kwa mwuza dawa, ni mbili. Hata “ucku” na “cjui” zina kitendawili chao: hazisomeki ila kwa ajuaye jina la herufi “c” katika Kiingereza. Mzee aliyejifunza Kiswahili safi katika shule ya zamani hawezi kuzisoma, ingawa Kiswahili ni chake. Lugha yake imefungwa kwa kufuli la lugha nyingine.

Lugha za wenyeji nazo zinaumia. Kidinka huandikwa kwa baadhi ya herufi zisizoonekana katika kibao cha kawaida cha simu, na baadhi ya irabu zake huwekewa nukta mbili juu. Kijana asipoziona kwenye simu huziacha. Wataalamu na viongozi waliokutana Rejaf, karibu na Juba, mwaka 1928 walihangaika juu ya lugha zipi za Sudan ya Kusini zifundishwe na ziandikwe vipi. Mwaka huo huo mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kazi ya kuzipatia lugha hizi maandishi yaliyo na utaratibu bado haijatimiza miaka 100, na kidole gumba kimekwisha kuanza kuifumua.

JE, SIMU NDIYO ADUI?

Hapana budi kusema kweli: wataalamu waliochunguza jambo hili hawakukuta maangamizi yaliyotabiriwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Coventry, Uingereza, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 juu ya watoto 88 wa miaka 10 hadi 12, waliona kwamba waliotumia zaidi vifupisho vya simu walikuwa na uwezo mzuri zaidi wa kusoma maneno. Sababu si ngumu kuelewa. Anayeandika “2” badala ya “tu” amekwisha kulisikia neno na kulikata katika sauti zake. Huo nao ni ujuzi, na anayeuchezea huwa anao.

Lakini mtoto wa Coventry amezungukwa na vitabu, magazeti na walimu; kila upande anakutana na neno lililoandikwa kamili. Anaivunja sheria anayoijua. Hali ya Hai Malakal si hiyo. Makadirio ya UNESCO ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa Sudan Kusini, takriban 35 tu walijua kusoma na kuandika. Vita vya mwaka 2013 na vya mwaka 2016 vilitawanya wanafunzi na walimu. Kisha mwaka 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, hazikufunguliwa kwa wote mpaka Mei 2021. Wako vijana ambao maandishi wanayoyasoma mengi kuliko yote ni ya simu. Kwao “ucku” si mzaha juu ya “usiku”. Ndivyo walivyolikuta neno.

Kwa hiyo simu si adui. Kwa nyumba nyingi ndiyo daftari na ndiyo kalamu, na kijana ambaye angeshinda siku nzima bila kuandika neno huandika maneno mia. Adui ni simu kuwa peke yake.

YAFANYIKAYO NYUMBANI

Askari ana somo la kuwapa watoto wake ambalo raia wengi hawana. Katika mawasiliano ya redio, herufi hutajwa kwa majina kamili, Alfa, Bravo, Charlie, ili “b” isisikike “d” na kikosi kikaenda mahali pasipo pake. Vifupisho vya jeshi navyo vimekubaliwa na kuandikwa, na kila mmoja anavijua. Baba awaeleze wanawe tofauti hiyo: kifupisho kinachojulikana na pande zote mbili ni chombo, na kile kinachojulikana na upande mmoja ni mtego.

Yafaa kila nyumba iweke sheria ya mambo manne yasiyofupishwa: dawa, fedha, safari na msiba. Katika hayo, hesabu iandikwe kwa maneno, na neno “tu” liandikwe “tu”. Kabla ya kutuma, ujumbe usomwe kwa sauti, na kama yupo mtu wa pili, naye ausome. Wakitofautiana, uandikwe upya.

Mahali ambapo mama au bibi hajui kusoma, mtoto ndiye karani wa nyumba. Ni cheo kikubwa, na aambiwe hivyo. Mama aseme maneno yake polepole, mtoto ayaandike yote kama yalivyosemwa, kisha amsomee. Hiyo ni imla ileile iliyofundishwa shuleni, isipokuwa mwenye kusahihisha ni mama, na sikio lake halidanganyiki. Baba aliye kambini naye ajibu kwa maneno kamili. Mtoto huiga maandishi ya baba kama anavyoiga mwendo wake, na baba anayetuma “cjambo” hana haki ya kumgombeza mwanawe.

Mara moja kwa juma iandikwe barua ya karatasi, hata kama itapelekwa kwa mkono wa msafiri, na ukurasa mmoja wa kitabu au gazeti usomwe mbele ya watu wa nyumbani. Na kijana akikosea, asichekwe. Anayechekwa huacha kuandika kabisa, na hasara hiyo ni kubwa kuliko kosa lake.

Katika nyumba ile ya Hai Malakal, bibi alimwambia mjukuu wake aliandike upya agizo lile, ingawa homa ya mtoto ilikuwa imeshuka na hapakuwa na haja tena. Kijana akaandika: “Mpe kidonge kimoja, usiku tu.” Wakahesabu pamoja. Herufi, nafasi na alama zote zilikuwa 29, kati ya 160 zinazoruhusiwa. Ule ujumbe wa kwanza ulikuwa na 15. Alikuwa ameokoa 14.

“Hizo kumi na nne,” bibi akamwuliza, “ulitaka kuzifanyia nini?”