Mvua Haibetiwi: Maneno Machache Kuhusu Mpira, Kazi na Vijana Wetu



Ndugu wasomaji, wazazi wetu wapendwa, nanyi wanafunzi mlioko likizo,

Huku kwetu West Nile habari za hewa ndizo zinazofuata baada ya salamu. Kuanzia Desemba mpaka Machi jua linawaka, upepo wa kaskazini unaleta vumbi, na kanzu nyeupe ya Ijumaa inafika msikitini imeshakuwa na rangi ya udongo. Wenzetu wa Kampala wana misimu miwili ya mvua. Sisi tuna kama msimu mmoja mrefu, unaoanza kwa kusitasita mwezi wa Aprili, kisha ukakaza kuanzia Agosti hadi Oktoba. Mvua zikianza, maembe yanadondoka, kumbikumbi wanatoka ardhini, na watoto wanakesha chini ya taa na beseni la maji. Alhamdulillah, ni neema kubwa!

Msimu huo ndio uliokuwa pia wa mpira. Tuliokulia Arua na Koboko tunaujua mpira wa makavera: unakusanya makavera, unayakunja, unafunga kwa kamba au kwa nyuzi za mgomba mkavu, unazidi kukaza mpaka unadunda kidogo. Goli ni mawe mawili au ndala mbili. Refa hakuna, anayelia ndiye aliyefanyiwa faulo. Mvua ikinyesha mchezo hausimami, unakuwa mtamu zaidi. Kilichosimamisha mchezo ni adhana ya Magharibi, au sauti ya mama anayeuliza nani amekwenda kuchota maji. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyerudi nyumbani akiwa na deni.

Mapenzi haya ya mpira yana historia. Wazee wetu bado wanautaja mwaka 1978, timu ya taifa, The Cranes, ilipofika fainali ya Kombe la Afrika kule Accra na kufungwa na Ghana 2-0. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 1979, serikali ya Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, ikaanguka, na baada ya hapo watu wengi wa West Nile wakavuka mipaka kwenda Sudan na Zaire kuokoa maisha. Walioondoka na godoro moja na sufuria moja hawakubeba mpira, lakini watoto kambini waliufunga upya kwa matambara. Ilibidi kungoja mpaka 2017, miaka 39, kuiona tena Uganda kwenye Kombe la Afrika. Na mwaka 2016 Onduparaka ya hapa Arua ilipanda Ligi Kuu. Nani amesahau msisimko wa Green Light siku za mechi? Kijana kama Muhammad Shaban alitoka katika timu ile akaenda KCCA na timu ya taifa. Mwaka 2023 Onduparaka ikashuka daraja, tukahuzunika, lakini ndiyo michezo.

Ndugu zangu, tumeyakumbusha haya kwa sababu kuna jambo linalotusumbua. Pitia mjini Arua Jumamosi alasiri, au Koboko karibu na stendi, utawakuta vijana wengi wamejaa, macho kwenye skrini. Utasema mashallah, wanapenda mpira. Sogea uangalie mikononi: kila mmoja ameshika tiketi. Hawaangalii nani anacheza vizuri. Kijana anashangilia kona ya timu asiyoijua, ya nchi asiyoweza kuionyesha kwenye ramani, kwa sababu tiketi yake inataka kona tisa. Timu aliyoipenda tangu utotoni ikishinda, anakasirika, kwa sababu alibeti itoke sare! Mpira wenyewe umeondoka, kilichobaki ni kamari iliyovaa jezi.

Kwa Mwislamu hukumu ya kamari si jambo la kutafutiwa fatwa mpya. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na 91, Allah (S.W.) ameitaja pamoja na ulevi, akaeleza kwamba shetani anaitumia kutia uadui kati ya watu na kuwazuia na swala. Waulize wanandoa waliogombana kwa sababu ya ada ya shule iliyopotea, watakueleza maana ya aya hizo vizuri kuliko sisi. Na sheria ya nchi nayo ina neno lake: sheria ya mwaka 2016 ya bahati nasibu na michezo ya kamari inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza. Sasa hesabuni wenyewe, katika kundi lile la Jumamosi, wangapi wamefikisha miaka 25?

Tunasikia jibu la vijana, na tunaliheshimu: "Kazi hakuna. Bodaboda ni ya kukodi, jioni unampa mwenye pikipiki pesa yake, unabaki na ya chakula tu. Afadhali nijaribu bahati." Kweli, kazi ni ngumu. Biashara ya mpakani inakwenda kwa kusuasua kila hali ya Juba au ya Congo inapochafuka. Lakini tupige hesabu, maana hesabu haina dini. Tuseme umechagua mechi 10, na kila mechi nafasi yako ya kupata au kukosa ni sawa kwa sawa. Nafasi ya kupata zote 10 ni moja katika 1,024. Yaani ukiweka tiketi moja kila Jumamosi, tegemea kungoja karibu miaka 20 upate mara moja. Na mwenye duka anapanga malipo ili jumla ya fedha zinazoingia ishinde jumla ya zinazotoka. Kodi yake, umeme wake na mishahara ya wafanyakazi wake vinatoka katika mfuko wa aliyekodi bodaboda.

Wengine husema, "Hata mkulima anabahatisha, hajui kama mvua itanyesha." Hapana, ndugu yetu. Mkulima wa Maracha au wa Koboko hakai barazani akingoja mvua imletee muhogo. Jua likiwa bado kali anasafisha shamba, anatengeneza jembe, anatunza mbegu ya ufuta na karanga hata kama nyumbani kuna njaa. Mvua ikichelewa, shamba lake bado lipo na mikono yake imejifunza. Tiketi ikikosa, kinachobaki ni karatasi chini ya viti. Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kisha ndipo amtegemee Allah. Mkulima amemfunga ngamia. Mwenye tiketi hana hata kamba.

Je, tufanye nini? Kuwafokea vijana peke yake hakutoshi. Kijana anayefukuzwa barazani kwa matusi atakwenda pale anapokaribishwa, na duka la kubeti lina viti, kivuli na televisheni.

Kwanza, sisi wazazi tuwarudishie uwanja. Viwanja vya mitaa vinaliwa na majengo, na sisi tunanyamaza. Madrasa na misikiti yenye kipande cha ardhi iache sehemu ya watoto kucheza. Timu ya madrasa moja icheze na ya madrasa nyingine baada ya Alasiri, na baba zao waje kuangalia, wasiwaachie makocha peke yao.

Pili, tusimtume mtoto dukani kupeleka tiketi ya mjomba. Mtoto anajifunza kwa miguu yake kabla ya kujifunza kwa masikio.

Tatu, wenye kazi tuwalipe vijana kwa wakati. Kijana aliyebeba magunia kutwa nzima kisha akaambiwa "njoo kesho", kesho ile ile ndiyo anayoipeleka kwenye tiketi. Wenye pikipiki nao wafikirie kumwachia dereva anunue pikipiki kidogo kidogo, awe na kitu cha kutazamia.

Nanyi wanafunzi, pendeni mpira! Ubishanieni, uchezeni, chafukeni tope. Atakayekuambia kwamba mechi bila pesa haina ladha, mpe mpira wa makavera acheze nusu saa kwenye mvua, halafu muulize tena.

Tunamwomba Allah atupe mvua yenye manufaa, kazi ya halali na watoto wenye macho mema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.