Kijana, ukaidi pekee si msimamo

Mzazi akikwambia uache kamari ya simu, unakunja uso. Chifu akiitisha baraza kuonya kuhusu pombe haramu, unamcheka na mabeshte zako. Lakini jioni hiyo hiyo, kundi lenu la mtaani, Kaptembwo au Free Area, likisema "twende", unaenda bila kuuliza ni wapi. Je, hapo umekataa kutawaliwa, au umebadilisha tu mtawala?

Swali hili lina uzito tunapoelekea uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027. Nakuru inajua gharama ya kufuata mkumbo. Mwishoni mwa Januari 2008, vijana waliokuwa wakicheza kandanda pamoja waligawanyika kikabila, wakashika mapanga na mishale. Tarehe 27 mwezi huo, mjini Naivasha, watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 kote nchini.

Mbona basi kijana anayekaidi wazee wake hushindwa kukaidi kundi?

Mwaka wa 1966, mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Brehm, alieleza kwamba mtu akihisi uhuru wake wa kuchagua unabanwa, hupambana kuurudisha. Kile alichokatazwa ndicho huzidi kukitamani. Ndiyo maana amri tupu za "usifanye hivi" hazifui dafu kwa vijana. Hata hivyo, msukumo huo wa kukaidi hauna macho. Unapinga sauti ya anayeamrisha, haupimi anachosema.

Wanasiasa wajanja wanalijua hilo vizuri. Hawatakuamrisha. Watakuja stejini, wanunulie bodaboda mafuta, kisha waseme, "Wale wanataka kuwanyang'anya haki yenu. Mtakubali?" Damu inachemka. Unadhani umeamua mwenyewe, kumbe umeamuliwa.

Kukataa kundi kunahitaji kitu kingine. Katika miaka ya 1950, Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza ni upi unaolingana na mwingine kwa urefu. Jibu lilikuwa wazi kama mchana. Lakini waliotangulia kujibu walikuwa wamepangwa kusema uongo. Takriban theluthi moja ya majibu ya wale wasiojua njama hiyo yalifuata uongo wa wengi. Sasa sikiza hili: Asch alipoweka mtu mmoja tu wa kusema ukweli kabla yao, waliofuata uongo walipungua mno. Mmoja tu!

Mwenzake, William McGuire, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba akili huweza kuchanjwa kama mwili. Aliyeonjeshwa mapema hoja dhaifu za kupinga imani yake, akajifunza kuzijibu, alikuwa mgumu kuyumbishwa hoja nzito zilipokuja. Aliyeshtukizwa aliyumba kwa urahisi.

Funzo hapa ni bayana. Usingoje gari la mheshimiwa lifike ndipo uanze kufikiria. Kaeni sasa, wewe na rafiki yako mmoja unayemwamini, ikiwezekana wa kabila tofauti na lako. Ulizaneni: tukipewa mia mbili tukarushe mawe, tutajibu nini? Tukiambiwa jirani ni adui, tutauliza nini? Jibu lililofanyiwa mazoezi hutoka haraka kinywani hata moyo ukidunda.

Nanyi wazazi, walimu na machifu, punguzeni amri, ongezeni sababu. Kijana akielezwa kisha akaachiwa nafasi ya kuuliza, hana haja ya kukaidi ili aonekane mtu mzima. Ukimfokea kila siku, unampeleka mwenyewe kwa yule anayemsubiri na maneno matamu.

Wahenga walisema bendera hufuata upepo. Lakini wewe, kijana wa Nakuru, si kitambaa. Siku kundi litakaposema "twende", kutakuwa na wengine kadhaa wanaosita kama wewe, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Wanangoja sauti moja iulize, "Twende wapi, na kwa nini?" Iwe yako.