Kuitazama Tena Deep Space Nine

Star Trek: Deep Space Nine, mchezo wa televisheni wa Marekani wa miaka ya 1993 hadi 1999, una misimu saba. Likizoni niliitazama tena miwili ya mwisho, ile ya vita kuu. Mara ya kwanza mtu hutaka kujua nani atashinda, basi. Mara ya pili huona bei ya ushindi.

Katika sehemu moja ya 1998, Kapteni Sisko atengenezesha ushahidi wa uwongo ili watu wa Romulus wajiunge naye. Seneta wao autambua. Garak, mshirika wa Sisko, amwua kwa bomu. Watu wa Romulus wadhani ni kazi ya adui, nao waingia vitani.

Wenzangu bwenini wausifu werevu huo. Mimi siusifu. Kama ni jambo jema, mbona Sisko alisimulia lote katika kumbukumbu zake, kisha akalifuta?