Kuhesabu Makosa Peke Yake Hakutoshi

Wadau, besiboli ina kipimo kimoja kinachonikera kama hitilafu ya programu ambayo watumiaji wameshaizoea. Ni asilimia ya udakaji: unachukua mipira ambayo mdakaji aliimudu, unaigawa kwa yote aliyopata nafasi ya kuishughulikia. Kwisha.

Tatizo? Kwa kawaida kosa huandikwa pale tu mchezaji alipoufikia mpira. Anayesimama kama kigingi mpira ukipita kando yake haandikiwi chochote. Tuseme Mwenda kafikia mipira 40, ikamponyoka 4: asilimia 90. Kirimi, nafasi ileile, muda uleule, kafikia 20, ikamponyoka 1: asilimia 95. Karatasi inamsifu Kirimi, ilhali Mwenda ameiokoa timu mara 36 dhidi ya 19!

Bill James, Mmarekani aliyewahi kuwa mlinzi wa usiku kiwandani, aliuliza swali bora zaidi: kati ya mipira yote iliyopigwa ikabaki uwanjani, timu imegeuza mingapi kuwa auti? Hapo mvivu hana pa kujificha, maana hata mpira uliompita unahesabiwa.

Mwaka 2007 Tampa Bay walikuwa wa mwisho katika ligi kuu ya Marekani kwa kipimo hicho. Walishinda mechi 66 kati ya 162 na kufungwa mikimbio 944. Mwaka 2008 wakawa wa kwanza, wakashinda 97, wakafungwa 671 tu na kufika fainali. Warushaji wao nao waliimarika, sikatai, lakini wadakaji walibeba mzigo mkubwa.

Sisi wa Kanyakine yanatuhusu nini? Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikwenda Williamsport, Marekani, wakawafunga Gresham ya Oregon 3-2. Kumbe inawezekana. Swali ni nani anachaguliwa. Kwenye viwanja vyetu vya mashimo mpira hudunda unavyotaka. Kocha akihesabu makosa tu, anawafundisha vijana kuukwepa mpira mgumu, na anayeukimbilia ndiye anayeachwa nje ya kikosi. Huo ni uonevu unaovaa koti la hesabu.

Wala hatuhitaji kamera za mamilioni. Chukua daftari, piga safu mbili: mipira iliyobaki uwanjani, na auti zilizotokana nayo. Gawa. Usihukumu kwa mechi moja, maana bahati nayo hucheza. Kusanya za muhula mzima. Ukiwa na Excel utamaliza kabla chai haijapoa.

Makocha, mnasemaje?